Pesa za setilaiti ziko huku chini

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ni nzuri: nilikuwa nyumbani Konoin, kule Bomet, ambako ukikaa na kompyuta barazani kila apitaye njia lazima asimame aulize unaandika nini. Safari hii jibu langu lilikuwa "mambo ya setilaiti", na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjomba wangu amekuwa karani wa kupima majani chai kwa miaka mingi, na mbele ya hesabu hana mchezo. Akaniuliza: "Hawa watu wanaorusha vyuma juu kila wiki, pesa yao inarudi kupitia wapi?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye mahojiano ya kazi. Nilimpa jibu fupi pale pale. Hapa nataka kutoa lile refu, maana limenikaa kichwani, na linahusu kazi ninayojaribu kuimaliza kabla ya Januari.

Tuanze na pesa yenyewe. Marekani kuna chama cha makampuni ya setilaiti kiitwacho SIA ambacho hutoa ripoti ya mapato ya sekta hii kila mwaka. Kwa mwaka 2024 walihesabu dola bilioni 293 duniani kote. Sasa, ukimuuliza mtu yeyote pesa hizo zinatoka wapi atakuambia roketi, kwa sababu roketi ndiyo tunayoiona kwenye video ikitoa moto. Basi sikiliza: kurusha roketi kulileta bilioni 9.3 tu. Katika kila shilingi mia, ni kama shilingi tatu. Kutengeneza setilaiti zenyewe kulileta bilioni 20. Huduma, yaani televisheni, intaneti, simu na picha, zilileta bilioni 108. Zilizobaki, bilioni 155 na ushei, zilitokana na vifaa vya ardhini. Zaidi ya nusu ya biashara yote ya "anga za juu" iko huku chini, kwenye vitu unavyoweza kuvishika kwa mkono.

Nilimwambia mjomba atoe simu yake mfukoni. Akaitoa. Nikamwambia, sekta ya setilaiti ndiyo hiyo. Alinitazama kama mtu anayedhani anachezewa.

Lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya simu kuna chipu ndogo ya kupokea mawimbi ya GPS na ndugu zake wa Ulaya, Urusi na China. Chipu moja bei yake ni kidogo, ila zidisha kwa simu zote zinazouzwa duniani kila mwaka, ongeza magari, ongeza pikipiki za mkopo zenye kifaa cha kufuatiliwa, ongeza lori linalobeba majani kutoka kituoni hadi kiwandani ambalo meneja analitazama likitembea kwenye skrini yake. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya hizo bilioni 155.

Hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike, kwa sababu nitalirudia. Mawimbi ya GPS ni ya bure. Serikali ya Marekani inalipia setilaiti zake kutoka kwenye kodi, na hadi Mei 2000 ilikuwa inayaharibu makusudi ili raia wa kawaida asipate kujua alipo kwa usahihi. Ungeweza kukosea kwa mita mia. Rais Clinton alipoamuru uharibifu huo ukome, kosa likashuka hadi mita chache, na biashara nzima ya ramani za simu, teksi za simu na kufuatilia mizigo ikawezekana. Kwa hiyo fungu nono kuliko yote katika sekta hii limejengwa juu ya kitu ambacho hakiuzwi.

Televisheni nayo. Ukipita barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein hadi Sotik, hesabu madishi kwenye mapaa ya mabati. (Mimi nimewahi kujaribu, nilipoteza hesabu kabla ya matatu haijajaa, na matatu za njia hiyo hujaa haraka.) Dunia nzima madishi hayo yalileta zaidi ya dola bilioni 70 mwaka 2024, kiasi kikubwa mno, ila kinapungua mwaka hadi mwaka. Watu wanahamia intaneti. MultiChoice, wenye DStv, walipoteza wateja wengi hadi Canal+ ya Ufaransa ikawanunua mwaka 2025. Katika hoteli za Litein mpira bado unaonyeshwa kwa dishi, lakini vijana wa meza ya nyuma wanaangalia mechi nyingine kwenye simu.

Sisi Wakenya hatukuanza jana na mambo haya. Mwaka 1970 kituo cha Longonot kilifunguliwa pale Bonde la Ufa, dishi kubwa linaloangalia setilaiti za Intelsat, na simu za kwenda ng'ambo zikawa zinapita hapo. Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, Waitaliano na NASA walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliipa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri. Neno letu limo kwenye vitabu vya unajimu tangu wakati huo.

Kisha kwa miaka mingi intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia juu. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka kwa mwendo sawa na dunia, ndiyo maana dishi la nyumbani halihitaji kugeuzwageuzwa. Uzuri ni huo. Ubaya ni umbali. Ombi lako linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka: jumla kama kilomita 143,000. Mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari hiyo, na hakuna programu yoyote, hata iandikwe na malaika, itakayoupunguza. Waliotumia saiba za miaka ile wanakumbuka: unabonyeza, unangoja, karani anaandika dakika zako kwenye daftari.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia chini ya bahari. Bei ya intaneti ikaanza kushuka, na watu wenye akili zao wakatangaza kwamba setilaiti kwa intaneti imekufa, tuizike.

Hawakuwa wajinga. Historia ilikuwa upande wao. Iridium ilitumia kama dola bilioni 5 kuweka setilaiti 66 za simu, ikaanza huduma mwishoni mwa 1998, na Agosti 1999 ikafilisika. Mali yake ikanunuliwa kwa takriban dola milioni 25. Hebu fikiria: nusu senti kwa kila dola. OneWeb nayo ilifilisika Machi 2020 kabla hata haijamaliza kurusha. Intelsat, wale wa Longonot, wakafuata mwaka huo huo wa 2020, wakajiokoa mahakamani, na mwaka 2025 wakamezwa na SES ya Luxembourg. Ukiwa na pesa za urithi, usiziweke kwenye setilaiti kabla ya kusoma aya hii mara mbili.

Kilichobadilika ni mambo mawili. La kwanza unalijua: SpaceX walijifunza kurudisha roketi na kuitumia tena, gharama ya kurusha ikaanguka. La pili halisemwi sana, nalo ni dishi. Setilaiti za Starlink hazikai mbali. Ziko kilomita 550 hivi, na zinapita juu ya kichwa chako kwa dakika chache kisha nyingine inashika zamu. Dishi la kufuata kitu kinachokimbia hivyo bila kujigeuza lilikuwa kifaa cha jeshi. Mwanzoni liliwagharimu karibu dola 3,000 kulitengeneza, nao wakaliuza 499. Yaani kila mteja mpya alikuwa hasara ya dola 2,500. Wangeshindwa kupunguza gharama ya lile dishi, leo tungekuwa tunaisimulia Starlink kwenye aya ile ya Iridium. Mwisho wa 2020 kulikuwa na setilaiti zinazofanya kazi kama 3,400 duniani, za kila mtu. Mwisho wa 2024 zilikuwa zaidi ya 11,000, na nyingi ni za kampuni hiyo moja.

Kenya waliingia Julai 2023. Vifaa vilikuwa karibu shilingi 90,000, mwaka uliofuata vikashuka hadi nusu ya hapo, na kifurushi cha kawaida cha nyumbani kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Mjomba alipiga hesabu kwa njia yake. Tuseme malipo ya mwezi ni shilingi 20 kwa kilo ya majani mabichi, kurahisisha. Basi intaneti hiyo ni kilo 325. Mchumaji mzuri wa mkono anajaza labda kilo 30 au 40 kwa siku. "Kwa hiyo," akasema, "mtu achume siku tisa nzima ili watoto waangalie YouTube." Siku tisa, ukiacha mbolea, ukiacha ujira wa mchumaji mwenyewe, na hapo hatujazungumzia bonasi, ambayo kwa viwanda vya upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa kila mwaka ni ndogo kuliko ile ya wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a.

Haishangazi basi kwamba mwisho wa 2024 wateja wa intaneti ya setilaiti nchini hawakufika 20,000. Ila tazama kilichotokea Novemba mwaka huo: Starlink walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Wachache hivyo, na imejaa! Hapo ndipo fizikia inapokutana na uchumi. Setilaiti inamulika eneo fulani la ardhi, na wote walio ndani ya eneo hilo wanagawana bomba moja. Mkiwa kumi mnaoga, mkiwa elfu kumi mnadondokewa na matone. Ndiyo maana biashara hii inapenda mahali penye watu wachache waliotawanyika, kama Turkana.

Na nchi ya chai si Turkana. Watu wa nje wakiona zile picha za kijani kibichi hudhani ni mashamba matupu yasiyo na mtu. Toka kwenye mashamba ya makampuni, ingia kwa wakulima wadogo wa Konoin au Bureti: kila nusu ekari ina boma. Sensa ya 2019 inaonyesha Kericho na Bomet zina zaidi ya watu 300 kwa kilomita mraba. Ni mashambani penye msongamano kama wa mji mdogo, na nguzo ya nyaya za intaneti imeishia sokoni. Hiyo ndiyo hali ambayo si setilaiti wala nyaya inaifurahia.

Watu wetu wamejibu kwa njia ya kwao. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye kompyuta chuo kikuu, anaandika programu ya kugawa dishi moja kwa kijiji: ruta ya MikroTik, antena mbili juu ya mti wa mkaratusi, na malipo ya shilingi 10 kwa saa kupitia M-Pesa. Simu inaunganishwa, ukurasa unafunguka, unalipa, unaingia. Mstari mmoja mmoja wa kazi yake nimeusoma na ni kazi safi. Nimemwambia pia asome masharti: kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuuza tena, na Mamlaka ya Mawasiliano inataka leseni kwa anayeuza intaneti. Sasa anafuatilia kifurushi cha biashara na leseni, na faida yake imekuwa nyembamba kama karatasi. Lakini angalia alikosimama: katika ile asilimia kubwa, ile ya ardhini. Hajarusha kitu.

Niseme pia kuhusu Taifa-1, maana najua mtaniuliza. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kupiga picha za ardhi kwa roketi ya SpaceX, ndogo ya kubebwa chini ya kwapa, kwa gharama ya shilingi milioni 50 hivi. Kwa picha tu, Sentinel-2 za Ulaya zinatupa bora zaidi, kila baada ya siku tano, bure kabisa. Mimi naona faida ya Taifa-1 ni wahandisi waliojifunza kuijenga na kuiongoza. Wanaolalamikia zile milioni 50 wangeenda kuangalia bei ya barabara ya lami ya kilomita moja.

Sasa nije kwenye kazi yangu.

Adui wa chai ya miinuko yetu, pamoja na mvua ya mawe, ni jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Huja Desemba hadi Februari, usiku ukiwa mkavu na anga jeupe lisilo na wingu. Joto la ardhi linatoroka juu, hewa baridi inateremka kama maji na kutuama mabondeni, na asubuhi majani yameganda. Jua likipanda yanageuka hudhurungi kana kwamba mtu amepitisha moto. Kichaka hakifi kwa kawaida, lakini wiki kadhaa hakuna cha kuchuma. Januari 2012 ilipiga Kericho, Bomet na Nandi vibaya. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka mama akisimama ukingoni mwa shamba na kikapu mgongoni bila kuingia.

Baada ya mwaka huo, wataalamu wa RCMRD, kile kituo cha ramani kilichoko Kasarani, Nairobi, walitengeneza ramani za jalidi kupitia mradi wa SERVIR uliofadhiliwa na NASA na USAID. Walitumia chombo kiitwacho MODIS kilichomo ndani ya setilaiti mbili za NASA: Terra, iliyorushwa 1999, na Aqua, ya 2002. Chombo hicho husoma joto la uso wa ardhi usiku. Kwa kawaida mawingu huziba kila kitu huku kwetu, lakini jalidi yenyewe haipendi mawingu, hivyo usiku unaohitaji kuona ndio usiku unaoonekana. Bahati kama hiyo ni nadra katika kazi ya data.

Mimi nimechukua wazo hilo na kulifanyia jambo dogo. Nilipakua usiku wote wa Desemba hadi Februari kuanzia 2003, nikaandika skripti ya Python inayouliza kila pikseli swali moja: ulipata baridi mara ngapi? Pikseli ya MODIS ni kilomita moja kwa moja, karibu ekari 247, kwa hiyo pikseli moja inaweza kubeba mashamba mia kadhaa kama la mama. Ni picha ya kufumba jicho nusu. Hata hivyo mabonde ya baridi yanajitokeza waziwazi, na mengi ni yale ambayo wazee wangekutajia bila kompyuta. Kisha kila jioni ya msimu huo skripti inachukua utabiri wa bure wa NOAA, ikiona anga jeupe na baridi kali inatuma ujumbe mfupi kwa wakulima walio kwenye pikseli zenye historia mbaya. Msimu uliopita niliwatumia wakulima 180 wa vituo vitatu, usiku kumi na moja. Mama mmoja akipata ujumbe saa tisa mchana huchuma kilichokomaa kabla ya giza na kufunika miche kwa nyasi. Ni kilo chache, lakini ni kilo zilizofika mizani.

Gharama yangu? Seva ni kama shilingi 800 kwa mwezi. Ujumbe mmoja haufiki shilingi moja. Msimu mzima haukuzidi bei ya viatu vya mtoto. Inawezekana kwa sababu moja tu: vyote vya juu ni vya bure. MODIS bure, utabiri bure, GPS ya kujua shamba liko pikseli gani bure.

Rudi sasa kwenye ile ripoti ya SIA. Walihesabu uchumi mzima wa anga za juu kuwa dola bilioni 415 mwaka 2024, na 293 kati ya hizo ndizo za biashara ya setilaiti. Setilaiti zinazomsaidia mama hazimo kwenye 293. Ziko kwenye masalio, kwenye bajeti za serikali, mahali ambapo hakuna anayelipa kila mwezi. Biashara inakua, kila mwaka wanatuonyesha mshale ukipanda. Upande huu mwingine hauna mshale. Ufadhili wa USAID ulisitishwa mapema 2025 na shirika lenyewe likafungwa mwaka huo, SERVIR ikakosa mguu wake mmoja. Terra na Aqua zimezeeka, mafuta ya kuzishikilia kwenye njia zake yamekwisha, zinateleza taratibu kutoka saa zao za zamani za kupita. Warithi wao wapo, chombo cha VIIRS kwenye setilaiti za NOAA, na data yake bado ni bure. Neno "bado" nimeliandika nikiwa nalifikiria.

Ikija siku ya kununua, wauzaji wapo, na wana picha nzuri kuliko hizi. Ila wao huuza kwa bei ya wateja wakubwa. Shamba la nusu ekari halina bei hiyo.

Katikati ya haya, mwezi uliopita kampuni moja ya Nairobi inayoshughulika na bima ya mazao ilinipigia. Walikuwa wamesikia kuhusu ramani yangu ya miaka ishirini na zaidi. Walitaka kuinunua kwa shilingi 150,000. Kwangu hizo si pesa ndogo. Mimi ni kijana wa kandarasi, kodi ya nyumba hainingojei. Niliomba muda, nikaenda kukaa na chama cha akina mama ambacho wengi wa wale 180 ni wanachama wake, chini ya mti karibu na kituo cha kununulia majani.

Nilieleza ofa yote. Mweka hazina, mama mwenye sauti ya chini ambaye daftari lake halina hata mstari mmoja uliopinda, alisubiri wengine wamalize.

"Kijana wangu, hiyo ramani ina rangi?"

"Ndiyo mama. Buluu ni salama, nyekundu ni baridi."

"Shamba langu ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na la mama yako?"

"Nyekundu pia."

"Basi hao watu wa bima wakiwa nayo, sisi wa nyekundu watatuuzia bima kwa bei gani? Ama hawatatuuzia?"

Sikuwaficha upande wa pili. Niliwaambia bima iliyo na ramani mbovu huwa ghali kwa kila mtu, wa buluu na wa nyekundu. Niliwaambia pia kwamba data ni ya bure. Nikikataa, kampuni inaweza kuajiri kijana mwingine mwenye digrii kama yangu na kwa mwezi mmoja atakuwa na ramani ile ile. Walisikiliza. Mmoja akasema kwamba huyo kijana mwingine atafute mama yake mwenyewe wa kumuuliza, wakacheka, kikao kikaendelea.

Walichoamua ni kwamba ramani isiuzwe msimu huu, na kwamba ujumbe usiwe wa bure tena. Hilo la pili ni wao waliolileta, si mimi. Kila mkulima atalipa bei ya kilo moja ya majani kwa msimu, akusanye mweka hazina, na nusu ya pesa hizo iwekwe kando kwa siku ambayo kitu fulani cha juu kitaanza kuuzwa. Nilipiga hesabu nyumbani: hata wakilipa wote 180, akiba hiyo haitoshi kununua picha ya bonde moja. Niliwapelekea hesabu hiyo. Mweka hazina akajibu kwa ujumbe mfupi kwamba hata shule yao ya upili ilianza hivyo.

Nimewaandikia wale wa Nairobi kwamba hapana, na kwamba wakitaka kuzungumza na chama wenyewe chini ya ule mti, nitawaonyesha njia. Hawajajibu. Waliolipa mpaka jana jioni ni 63. Kazi iliyobaki kwangu ni kuhamisha skripti kutoka MODIS kwenda VIIRS, maana vipimo viwili havilingani kabisa kwa joto na lazima niviendeshe sambamba kwa misimu iliyopita nione tofauti iko wapi. Kuna pikseli tatu kando ya msitu wa Mau ambazo VIIRS inazionyesha zikiwa na baridi kuliko MODIS, na sijaelewa kwa nini. Nadhani ni ukingo wa msitu kuingia nusu nusu ndani ya pikseli. Mwenye uzoefu na hilo aniandikie. Skripti inaanza kutuma tarehe 1 Desemba.